Kutambua Aina ya Vimelea vya Malaria kwa Hadubini: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Kigoma na Tabora

Katika utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, Kigoma ndio uliokuwa mkoa wenye maambukizi mengi kuliko mikoa yote: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri wa chini ya miaka mitano alikutwa na malaria. Mwaka 2022 nafasi hiyo ilishikwa na Tabora, kwa takribani asilimia 23, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 8. Kwa hiyo mtu wa maabara aliyeko Kasulu, Kakonko, Urambo au Sikonge hana uhaba wa slaidi zenye vimelea. Anachokosa ni muda, na muda ukikosekana slaidi husomwa kwa mazoea: pete (vimelea vichanga) zimeonekana, andika falciparum, lete inayofuata.

Mazoea hayo hupatia mara nyingi, kwa kuwa Plasmodium falciparum ndiye anayesababisha sehemu kubwa mno ya malaria nchini. Hapo ndipo hatari inapojificha. Aina nyingine za Plasmodium, malariae na ovale, wapo kwetu pia, na vipimo vya haraka vinavyonasa protini ya HRP2 haviwaoni, kwa sababu protini hiyo hutengenezwa na falciparum. Vile vyenye mstari wa pili wa jumla, unaonasa aina zote, vinaweza kusema kuna malaria isiyo ya falciparum, ila haviwezi kuitaja ni ipi. Anayeweza kuitaja ni wewe uliyekaa mbele ya hadubini.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: aina haitajwi kwa kimelea kimoja. Hutajwa kwa ushahidi wa chembe nyekundu iliyokibeba, pamoja na hatua zote za ukuaji zilizopatikana kwenye slaidi hiyo.

Damu na slaidi

Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, choma kidole cha pete. Kwa mtoto mchanga, choma kidole gumba cha mguu au kisigino. Futa kwa spiriti na uache ngozi ikauke yenyewe, kwani spiriti ikiingia kwenye damu hukaza chembe na kuharibu tone nene. Tone la kwanza lipanguse kwa pamba kavu.

Slaidi moja inatosha kubeba tone nene, la kutafuta na kuhesabu vimelea, na utando mwembamba, wa kutambua aina. Tone nene linahitaji kama mikrolita 6, zitandazwe kwa kona ya slaidi nyingine hadi ziwe duara lenye upana wa milimita 12 hivi. Weka slaidi juu ya gazeti: maandishi yanapaswa kusomeka kwa shida kidogo kupitia damu mbichi. Yasiposomeka kabisa, tone ni nene mno na litabanduka wakati wa kutia rangi. Utando mwembamba unahitaji mikrolita 2 tu. Shika slaidi ya kusukumia kwa nyuzi 45, subiri damu ienee ukingoni, kisha sukuma mara moja bila kusita. Damu ya mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu ni nyepesi. Inua pembe kidogo na usukume kwa kasi zaidi, la sivyo utando utafika mwisho wa slaidi bila mkia.

Andika namba ya mgonjwa na tarehe kwa penseli, papo hapo, kabla hujamwita mwingine.

Kama damu imetoka kwenye mshipa na kuwekwa kwenye chupa yenye EDTA (kizuia damu kuganda), tengeneza slaidi ndani ya saa moja. Ikikaa zaidi, vimelea hubadilika umbo, gametositi za falciparum (hatua ya kijinsia ya kimelea) huanza kuwa duara, na madoa ambayo ovale huyatia kwenye chembe nyekundu hufifia. Utakuwa unasoma kitu ambacho hakikuwa ndani ya mwili wa mgonjwa.

Slaidi ikaushwe ikiwa imelala sawasawa, mbali na vumbi na nzi. Nzi hula damu ya tone nene, na wakishapita wanaacha mashimo. Usiikaushe kwa kuianika juani, hata masika yanapochelewesha kazi: joto hukaza chembe nyekundu za tone nene, zikagoma kupasuka, na hutaona chochote kilicho chini yake.

Kutia rangi

Kama kuna hatua moja ambayo ningemwomba kila mwenzangu asiifanye kwa haraka, ni hii. Wasomaji wazuri wengi hulaumiwa kwa makosa yaliyofanyika kwenye sinki.

Utando mwembamba hukazwa kwa methanoli, tone nene halikazwi. Chovya utando kwa sekunde chache, kisha simamisha slaidi upande wa tone nene ukiwa juu ili methanoli na mvuke wake visilifikie. Methanoli iliyoachwa wazi hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huacha vitone vinavyong'aa ndani ya chembe nyekundu. Vitone hivyo vimewahi kuitwa pete na watu wenye uzoefu. Chupa ifungwe kila baada ya matumizi.

Rangi ni Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa. Kwa kazi ya kutambua aina, nashauri asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60. Asilimia 10 kwa dakika 10 inafaa pale mgonjwa anaposubiri majibu kitandani, na katika kituo cha afya chenye foleni ndiyo itakayotumika siku nyingi. Vyovyote iwavyo, rangi izimuliwe siku hiyohiyo kwa kiasi kinachohitajika, na inayobaki imwagwe. Chupa ya rangi kali isiingizwe hata tone la maji.

Sasa suala la maji. Giemsa huzimuliwa kwa maji yenye bafa (chumvi zinazoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.2. Maji ya bomba, ya kisima na ya mvua kila moja lina pH yake, na inaweza kubadilika. Maji yakiwa na asidi, chembe nyekundu hutoka na wekundu mkali, viini vya vimelea hufifia, na madoa ya ovale na ya aina nyingine, vivax, hayatokei kabisa. Yakiwa na alkali kupita kiasi, kila kitu huwa cha bluu. Maabara isiyotumia bafa inaweza kukaa miaka bila kumwona ovale hata mmoja, ikaamini kwamba hayupo wilayani kwake. Vidonge vya bafa ni vya bei ndogo kuliko vitu vingi tunavyoagiza. Viwekwe kwenye maombi ya kila robo mwaka, na mganga mfawidhi aelezwe sababu.

Muda ukifika, usiinamishe slaidi kumwaga rangi, maana utando wa rangi unaoelea juu utashuka na kushika damu. Ingiza maji taratibu hadi rangi isukumwe nje yenyewe. Kausha slaidi ikiwa imesimama.

Kabla hujatafuta kimelea, ikague rangi yako kwenye chembe nyeupe. Kiini cha nyutrofili kinapaswa kuwa zambarau iliyokolea, na usuli uwe safi. Katika rangi nzuri, kromatini ya kimelea (kiini chake) ni nyekundu na saitoplazimu yake (mwili unaozunguka kiini) ni ya bluu. Kama huoni tofauti ya rangi hizo mbili, rudia slaidi. Usitaje aina.

Tone nene: yupo au hayupo, na ni wangapi

Anza na lenzi ya mara 10 kupata eneo lililokaa vizuri, lenye chembe nyeupe 10 hadi 20 kwa kila duara la lenzi kubwa, duara ambalo maabara tunaliita fildi. Kisha tia mafuta, weka lenzi ya mara 100, na upandishe kondensa, kioo cha kukusanya mwanga chini ya slaidi. Umeme ukikatika, hadubini yenye kioo cha kuakisi itafanya kazi hiyohiyo dirishani, ilimradi si jua la moja kwa moja.

Soma fildi 100 kabla ya kuandika kwamba vimelea havikuonekana. Sitii chumvi nikisema kwamba katika maabara nyingi mtu huishia fildi 30. Mgonjwa mwenye vimelea vichache ndiye anayepotea hapo, na malariae kwa kawaida huwa wachache.

Katika tone nene chembe nyekundu zimepasuka, kwa hiyo ukubwa wake haupimiki. Hata hivyo dalili za aina zipo. Pete nyingi ndogo zinazofanana, bila hatua nyingine isipokuwa labda gametositi zenye umbo la ndizi, ni falciparum. Vimelea vichache vilivyojikusanya, vyenye hemozoini (mabaki ya damu iliyoliwa na kimelea) nyeusi nyingi, vya hatua mbalimbali, vinakuelekeza kwa malariae. Na ukiona kimelea kimezungukwa na kivuli cha waridi chenye madoa, hasa pembezoni mwa tone ambako chembe hazikupasuka zote, hicho ni kivuli cha chembe iliyombeba ovale au vivax. Hapo hama, nenda kwenye utando mwembamba.

Utando mwembamba: chembe kwanza, kimelea baadaye

Tafuta sehemu karibu na mkia ambapo chembe nyekundu zinagusana tu bila kupandana. Pitia na kingo, kwa sababu chembe zilizotanuka husukumwa huko.

Kila ukipata kimelea, zuia macho yasikikimbilie. Tazama kwanza chembe: imetanuka, ni ya kawaida, au imepungua ikilinganishwa na jirani zake zisizo na kimelea? Ni ya duara, au imekuwa yai? Ina madoa? Ndipo uje kwenye kimelea: ni hatua gani, kina umbo gani, hemozoini yake ni ya rangi gani. Endelea hadi upate vimelea vya kutosha kusimulia habari moja. Pete changa za aina zote hukaribiana sana, na mtu anayetaja aina kwa pete moja anakisia.

*Falciparum.* Chembe ni ya ukubwa wa kawaida. Pete ni nyembamba, na upana wake ni kama moja ya tano ya chembe. Mara nyingi pete ina nukta mbili za kromatini, chembe moja hubeba pete mbili au tatu, na nyingine hukaa ukingoni kabisa kana kwamba zimebandikwa kwa nje. Rangi ikiwa nzuri, chembe zenye pete zilizokomaa zinaweza kuonyesha madoa ya Maurer: machache, makubwa, yasiyo na mpangilio.

Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni kile usichokiona. Vimelea vya falciparum vinapokomaa hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ya viungo vya ndani, hivyo damu ya kidoleni hubaki na pete na gametositi tu. Slaidi yenye pete mia mbili bila trofozoiti kubwa (kimelea kinachokua) hata moja ni ya falciparum karibu bila shaka. Kinyume chake, ukikuta falciparum na trofozoiti zilizokomaa au skizonti (kimelea kinachogawanyika), au ukaona hemozoini imemezwa na nyutrofili nyingi, usisubiri kujaza daftari. Mwendee tabibu, kwa sababu mgonjwa huyo anaweza kuwa na malaria kali hata kama idadi uliyohesabu si ya kutisha.

Gametositi ya umbo la ndizi humtaja falciparum peke yake. Huonekana siku kama 10 baada ya ugonjwa kuanza na huweza kubaki wiki kadhaa baada ya dawa. Mgonjwa aliyemaliza dawa ya mseto, akarudi akiwa na gametositi tupu, dawa haijashindwa kwake. Jambo hili liandikwe waziwazi kwenye majibu, maana watu wengi wamenyweshwa dozi ya pili kwa sababu ya neno "chanya" lisilo na maelezo.

*Malariae.* Chembe ni ya kawaida au imepungua kidogo, na kwa macho yetu haina madoa. Kimelea kimejikusanya, hakitapakai. Trofozoiti inayokomaa hujinyoosha kuvuka chembe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na huo ndio mkanda unaofundishwa vyuoni. Si kila slaidi ya malariae ina mikanda, na utando uliovutwa vibaya unaweza kumpa falciparum mkanda wa uongo. Kwa hiyo tafuta pia hemozoini: ni nyeusi, nzito, na huanza mapema. Skizonti ina merozoiti (vimelea vidogo vinavyotokana na mgawanyiko) 6 hadi 12, mara nyingi 8, zikiwa zimezunguka rundo la hemozoini katikati. Hatua zote huonekana kwenye damu ya kidoleni.

Mzunguko wake ni wa saa 72, na anaweza kukaa mwilini miaka mingi sana kwa idadi ndogo. Kwa watoto amehusishwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Mtoto kutoka Uyui au Kibondo mwenye uso uliovimba, protini kwenye mkojo na kipimo cha haraka kilicho hasi anastahili fildi zako zote 100, na nyingine 100.

*Ovale.* Chembe imetanuka kidogo, na katika utando mzuri sehemu yake, kama theluthi hivi, huwa na umbo la yai. Baadhi zina kingo zilizochanikachanika upande mmoja. Madoa ya James ni mengi na hutokea tangu hatua ya pete. Kimelea chenyewe kimejikusanya kama cha malariae, na hapa ndipo wengi huwachanganya. Chembe ndiyo inayoamua: malariae haitanui chembe wala haiitii madoa. Skizonti ina merozoiti 6 hadi 14, kwa kawaida 8. Ovale wamegawanywa kitaalamu kuwa curtisi na wallikeri, ila hadubini haiwezi kuwatenganisha, kwa hiyo andika ovale basi.

Faida ya kumtaja ovale ni kubwa kwa mgonjwa. Huacha vimelea vilivyolala kwenye ini, ambavyo dawa ya mseto haiviui, na homa hurudi baada ya wiki au miezi. Tabibu anayejua hivyo anaweza kupanga primakwini, dawa ya kuua vimelea hivyo vya ini, ya siku 14 baada ya kupima G6PD, kimeng'enya ambacho upungufu wake huifanya dawa hiyo ivunje chembe nyekundu. Asiyejua ataandika dawa ileile kila homa inaporudi.

*Vivax.* Ni nadra kwetu, kwa sababu watu wengi hapa hawana kipokezi cha Duffy anachotumia kuingilia chembe nyekundu, ingawa barani Afrika amepatikana hata kwa wasio nacho. Chembe hutanuka sana, mara moja na nusu hadi mbili, na hujaa madoa ya Schüffner. Trofozoiti hutapakaa vipandevipande bila umbo, tofauti kabisa na ovale aliyetulia. Skizonti ina merozoiti 12 hadi 24. Ukihisi umempata, muulize mgonjwa amesafiri wapi, mwite msomaji wa pili asiyejua jibu lako, kisha itunze slaidi.

*Mchanganyiko.* Falciparum akiwa maelfu, malariae watano hawaonekani isipokuwa kwa anayewatafuta. Ukishampata falciparum, endelea kupitia utando ukitafuta kitu kimoja tu: kimelea kikubwa chenye hemozoini. Mchanganyiko wa falciparum na malariae ndio unaokosewa zaidi, na dakika chache zinatosha kuuona.

Vinavyodanganya

Chembe sahani iliyolala juu ya chembe nyekundu ndiyo mdanganyifu mkuu. Ina kivuli cheupe kuizunguka, ni ya zambarau tupu, haina bluu na nyekundu zilizoachana. Chembechembe za rangi iliyoganda hukaa juu ya damu: chezesha fokasi ndogo, zitang'aa wakati chembe nyekundu zimefifia. Mgonjwa wa selimundu huwa na nukta moja ya zambarau ndani ya chembe, mabaki ya kiini, isiyo na saitoplazimu. Ukungu na bakteria hutoka kwenye maji machafu ya kuzimulia na huonekana kila mahali, hata pasipo na damu.

Vingine si vidanganyifu bali ni magonjwa, na mikoa yetu inayajua. Nyuzi nyembamba za zambarau zilizojikunja kama mawimbi kati ya chembe nyekundu ni boreliya, za homa ya papasi. Mgonjwa huja na homa inayopanda na kushuka, anatibiwa malaria mara mbili tatu bila nafuu, kumbe papasi wako kwenye sakafu ya udongo ya nyumba yake. Kimelea kirefu kilicho nje ya chembe, chenye kiini katikati, nukta ndogo nyuma na utando wa mawimbi ubavuni, ni cha malale. Mbung'o wa misitu ya miombo ya Urambo, Kasulu na Kibondo wameyaeneza malale huko kwa vizazi. Anayerina asali au kuwinda, akiwa na homa isiyoisha, asomewe tone nene kwa macho yanayokumbuka hilo. Yakionekana, taarifa ifike kwa tabibu na kwa mratibu wa wilaya siku hiyohiyo.

Kuhesabu na kuandika

Acha alama za kujumlisha, moja hadi nne. Hazimsaidii tabibu kujua kama dawa inafanya kazi. Hesabu kwenye tone nene, vimelea upande mmoja na chembe nyeupe upande mwingine. Ukifika chembe nyeupe 200 na vimelea ni 100 au zaidi, simama. Wakiwa pungufu, endelea hadi chembe nyeupe 500. Kisha zidisha vimelea kwa 8,000 na ugawe kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 340 kwa chembe nyeupe 200 ni 13,600 kwa mikrolita. Vimelea 36 kwa chembe nyeupe 500 ni 576. Gametositi haziingii kwenye hesabu hiyo, zitajwe pembeni.

Vimelea wakiwa wengi kiasi cha kutohesabika, hamia utando mwembamba, hesabu chembe nyekundu 1,000 au zaidi, na utoe asilimia ya zilizoambukizwa. Inayozidi asilimia 10 ni malaria kali kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, na tabibu aitwe.

Hesabu hizi zimepata uzito mpya. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti ulioonyesha usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini mkoani Kagera, na Kagera ni jirani wa Kigoma. Dalili yake ni vimelea kuchelewa kuisha, kiasi cha kuonekana bado siku ya tatu ya dawa. Mgonjwa anayerudi siku hiyo akiwa na homa asomewe slaidi mpya, na idadi yake ilinganishwe na ya kwanza. Kama ya kwanza iliandikwa "chanya mbili", hakuna cha kulinganisha.

Majibu yawe na mambo manne: aina, hatua zilizoonekana, idadi, na shaka kama ipo. Mfano: "P. falciparum, trofozoiti 13,600 kwa mikrolita, gametositi zimeonekana. Pia vimelea vichache vinavyofanana na P. malariae, slaidi inahitaji msomaji wa pili." Ukiwa hujafikia uhakika wa aina, andika "vimelea vya malaria vimeonekana, aina haijathibitishwa." Sentensi hiyo ni ya kitaalamu kuliko jina la kubahatisha, na matibabu hayachelewi kwa sababu yake.

Slaidi zenye shaka, pamoja na baadhi ya zilizo hasi, zifutwe mafuta taratibu, zikauke, zihifadhiwe kwenye sanduku lenye mifuniko mbali na unyevu, kisha zipelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni au Kitete, kila msimamizi anapokuja au gari la sampuli linapopita. Jibu likirudi tofauti na lako, toa slaidi hiyohiyo na uisome tena mkiwa wawili kabla ya kuirudisha kwenye sanduku.